Mkungu wa Bwana Harusi

Babu aliinama juu ya mtungi, akawasha tochi ya simu, akaishusha miwani hadi ncha ya pua. Akamtazama samaki, akanitazama mimi, akarudi kwa samaki. "Huyu," akauliza, "hata ukimpika kwa tui, si atapotea sufuriani?"

Namwelewa. Hapa Wenje samaki huulizwa mambo mawili tu: katokea wapi na analiwa saa ngapi. Mto Tana unapita nyuma ya migomba yetu, nasi tumekuzwa na kambare, perege, ngogo, na yule kambare mamba mwenye mapafu ambaye maji yakikauka hujizika matopeni akangoja mvua kama mkulima. Babu ametega migono tangu sijazaliwa. Kuitwa amwangalie samaki mgonjwa mwenye urefu wa kidole cha kati, tena aliyeletwa kwa basi, kwake ilikuwa sawa na daktari wa ng'ombe kuitwa amtibu panzi.

Lawama ni za mpwa wangu anayesoma Mombasa. Alihama chumba, na mwenye nyumba mpya hakutaka mnyama wa aina yoyote, hata asiyebweka. Basi akamtia beta wake katika chupa ya maji yenye nafasi ya hewa, chupa akaiweka ndani ya katoni, katoni akamkabidhi kondakta wa basi la Hola. "Mjomba, ni wiki tatu tu," aliniandikia. Kondakta, ili mzigo usikaliwe, akaandika juu yake kwa kalamu nene: DAWA. Basi likapita Malindi, likapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, likapita Garsen, na nilipoupokea mzigo wangu abiria watatu walichungulia dirishani kunipa pole na kuniuliza naumwa nini.

Beta, kwa asiyemjua, ni samaki wa Thailand, iliyokuwa ikiitwa Siam, na mwaka 2019 serikali ya huko ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Madume wawili hawakai chombo kimoja. Hupigana mpaka mmoja asalimu amri. Wetu alikuwa wa buluu iliyokolea, mapezi mekundu marefu yakimburuzika nyuma kama joho. Watoto hawakuhitaji hata dakika kumpa jina: Bwana Harusi. Nilimhamishia katika kopo la plastiki la lita tano, lile la peremende za dukani, nikalifunika kwa kawa, maana beta huruka, na paka wetu alionekana kulijua hilo kabla yangu.

Kawa nayo ikaleta mambo yake. Mtu akiona kawa mezani anajua chini yake pana riziki. Wiki nzima kila aliyeingia aliiinua kwa tabasamu, akairudisha polepole, akaketi kimya. Baadaye nikasikia maneno yanazunguka kijijini kwamba kwa mwalimu siku hizi hali ni ngumu: samaki ni mmoja, mdogo, na bado hajapikwa.

Nami badala ya kumwacha mgeni apumzike nikamfanya maonyesho. Nilikuwa nimesoma kwamba beta dume akijiona kwenye kioo hudhani amekutana na mpinzani, akatanua matamvua na mapezi yote. Kila siku baada ya magharibi niliegemeza kioo changu cha kunyolea kwenye kopo, mbele ya watoto wa mtaa mzima. Bwana Harusi anavimba, watoto wanashangilia, mimi najiona mwenye sinema. Ili asione upweke, nikamtumbukizia na ua la plastiki kutoka kwenye jagi la sebuleni.

Siku ya tisa joho lilikuwa limekwisha. Mkia umechanika vipande vipande kama bendera ya kampeni iliyosahaulika juu ya mkoma, ncha zimepauka, na mwenyewe amelala chini ya ua kama mtu aliyeitwa na wakwe asijue kosa lake.

Nikampigia mpwa wangu. Akauliza kama humo ndani mna kitu chenye ncha. Nikasema hamna, ni ua tu. "Mjomba, pitisha kitambaa laini juu ya hilo ua. Kikinasa, na pezi litanasa." Kitambaa laini kilichokuwa karibu ni mtandio wa mke wangu, ule mpya wa Idi. Ukanasa. Ukachanika. Utafiti ulikuwa umefaulu kwa kiwango ambacho sikuweza kumweleza mwenye mtandio.

Hapo ndipo tiba ilipoanza, na tiba ndiyo iliyotaka kumuua.

Maji ya Tana hutufikia na udongo wa nchi za juu, rangi yake chai ya maziwa. Nikaona mgonjwa hawezi kulazwa ndani ya chai. Kabatini mlikuwa na vidonge vya kutibu maji vilivyobaki tangu mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024. Kidonge kimoja ni cha ndoo ya lita 20. Nikawaza kwamba kwa mgonjwa haifai kubana, nikatia kizima katika lita tano.

Klorini humwokoa binadamu na kipindupindu, lakini matamvua ya samaki huyaunguza. Bwana Harusi alipanda juu, mdomo wazi, akazunguka upande upande. Nikapiga kelele. Mke wangu, ambaye siku hiyo hatukuwa tunazungumza kwa sababu ya mtandio, akaja mbio na chujio la chai, akamchota, akamtia katika mtungi wa udongo wa maji ya kunywa, yale yaliyokuwa yametulia siku tatu, akarudi jikoni bila neno. Kwa wiki nzima ile ni tiba moja ya maana aliyokuwa amepata, na aliyeitoa alikuwa na hasira.

Tangu siku hiyo familia ikanywa maji ya ndoo, mgonjwa akabaki mtungini. Beta hupenda maji ya nyuzi kama 24 hadi 28, na chini ya mabati yetu mchana chumba hupita 30 bila kuomba ruhusa. Mtungi hutoa jasho, ukapoa. Lakini umepoa kiasi gani? Kipimajoto chetu ni kile cha kidijitali cha kupimia watoto homa. Nikakizamisha, nikangoja, kikalia, kikaandika: Lo.

Nikakisoma mara tatu. Nimeishi kuona hata mashine inashangaa. Binti yangu wa gredi ya saba ndiye aliyeniokoa kwa kunieleza kwamba vifaa vile ni vya miili ya watu, joto likiwa chini ya pale vinapoanzia kusoma hutoa alama hiyo. Kwa hiyo tulijua jambo moja kwa uhakika, kwamba samaki hajachemka.

Mpwa wangu akashauri chumvi ya mawe isiyochanganywa na kitu, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita nne, iyeyushwe kwanza pembeni, na isizidi siku kumi. Ndipo nilipomwita Babu, niwe na shahidi mwenye ujuzi wa samaki.

"Chumvi?" Babu alisema alipomaliza kumkadiria sufuria. "Unamtibu au unamkausha?" Kwake chumvi na samaki vikikutana hutoka ng'onda, hakuna matokeo mengine. Aliendelea kunicheka mpaka Bwana Harusi akapanda juu, akatoa pua nje ya maji, akameza hewa, akashuka. Babu akanyamaza. Akangoja na tochi yake. Samaki akapanda tena, akameza tena.

"Kumbe ni mtu wa kwetu," akasema taratibu.

Alikuwa amekigundua kwa macho kile ambacho mimi nilikisoma kwa bando la data: beta ana kiungo juu ya matamvua cha kuvutia hewa, kama alivyo nacho kambare, kwa sababu asili yake ni maji ya kina kifupi yaliyotuama, vinamasi na majaruba ya mpunga. Mpunga! Wazee wetu wamelima mpunga kando ya mto huu vizazi na vizazi, nami nilikuwa nikimtafutia samaki wa majarubani maji meupe kama ya hoteli. Babu akazima tochi. "Samaki hatibiwi, yanatibiwa maji. Punguza robo, ongeza robo, yaliyotulia. Usimkoroge. Na hicho kioo chako ukajinyolee."

Kesho yake aliingia muuza maziwa wetu, mama wa Kiorma. Hali samaki na hana mpango wa kuanza. Alisimama mlangoni, mbali na mtungi kama mtu aliyeambiwa mna nyoka, akauliza maswali ambayo hakuna aliyekuwa ameyauliza: anakula? Anakunya? Mnampa nini? Nikajibu kwamba watoto humpa ugali, na juzi walimpa kipande cha dagaa. Akatikisa kichwa. Ndama mwenye jeraha, akasema, halishwi mpaka akavimba. Nikatia mkono mtungini hadi chini nikatoa donge la ugali lenye harufu ya kinu kisichooshwa. Chakula kikioza, maji huchafuka, na vijidudu huanza kula mapezi kutoka pale yalipochanika. Mimi niliyesomesha sayansi miaka kumi na tisa nilielezwa haya na mtu aliyekuja kudai deni la lita sita.

Tukaacha ugali. Beta anachokipenda ni viluwiluwi vya mbu, na kama kuna bidhaa ambayo Wenje haijawahi kuagiza kutoka nje ni hiyo. Nikatenga beseni la maji nyuma ya nyumba, siku chache tu likawa limejaa. Nilikuwa nimechuchumaa nikichota kwa kijiko, nimeridhika na mifugo yangu, mhudumu wa afya wa kijiji alipokuja kukagua vyandarua. Huyu ni mtu aliyezunguka nyumba kwa nyumba baada ya mafuriko akituomba tumwage kila maji yaliyotuama. Nilimweleza kuhusu samaki. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika vibaya. Beseni lilimwagwa mbele yangu, na tukakubaliana nitumie kikopo kimoja, chenye kifuniko, kinachomalizwa kabla viluwiluwi havijaota mbawa.

Yote hayo yalikuwa madogo mbele ya suala la mkungu.

Wafugaji wa beta huko Asia humwekea samaki wao jani kavu la mkungu. Hutoa rangi kama ya chai na kuyafanya maji yawe na uchachu kidogo usiopendwa na vijidudu. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu. Mkungu! Mti ule ule wenye kivuli cha ngazi ngazi ambao miji ya pwani huweka mabenchi chini yake, majani yake hugeuka mekundu, huanguka, hufagiwa na kuchomwa. Kwetu hapa sikuuona, lakini Malindi upo. Nikamtuma mtoto steji amwambie kondakta wa basi: mwalimu anataka mkungu kutoka Malindi, atalipa.

Mtoto alifikisha ujumbe kama ulivyo. Kondakta akatimiza kama alivyosikia. Jioni ya pili basi likasimama, akashuka na mkungu mkubwa wa ndizi begani, umefungwa kwa kamba, umesafiri zaidi ya kilomita mia kuja Wenje, mahali ambapo mtu akisimama vibaya huangukiwa na ndizi. Steji nzima ililipuka kwa kicheko. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi zao palepale hawakucheka. Mmoja aliniuliza kwa upole mbaya, "Mwalimu, zetu zina kasoro gani?"

Nililipa, nikabeba. Kujitetea kwamba nilitaka mkungu wa samaki kulizidi kuharibu.

Safari ya pili niliandika kwenye karatasi: majani ya mti wa mkungu. Yakaja mabichi, kijani, mazuri, hayafai kitu. Yanatakiwa makavu yaliyoanguka yenyewe. Safari ya tatu kondakta aliniletea bahasha ya majani saba makavu na swali moja, kwa sauti ya chini: je, ninachofanya kinahusiana na uchaguzi?

Jani la kwanza liligeuza maji rangi ya chai ya rangi. Mke wangu, ambaye kufikia hapo tulikuwa tunazungumza, akaangalia mtungini akasema, "Si ndiyo hii chai uliyoikataa?"

Wiki ya tatu niliona kwenye ncha za mkia ukingo mwembamba mweupe unaopitisha mwanga, kama utando. Nikajua ni ukungu umemvamia. Nilikuwa nimeshafungua kabati la dawa mkono umefika kwenye vidonge, Babu aliponishika kiwiko. Pezi jipya huanza hivyo, halina rangi. Rangi hufuata baadaye. Vidonge vikahamia nyumbani kwake na havijarudi.

Watoto nao wameota macho. Mvua ziliponyesha walileta samaki kutoka kidimbwi cha kando ya barabara, wadogo, wekundu na buluu, warembo kumshinda Bwana Harusi. Wataalamu huwaita Nothobranchius. Mayai yao hukaa ndani ya udongo mkavu kiangazi chote, mvua ikija huanguliwa, wakakua na kuzaa kabla kidimbwi hakijakauka. Watu wa Ulaya huwafuga kwa mapenzi makubwa, nasi tumewavuka miaka yote tukiwahi soko. Walitaka kumtia mmoja mtungini awe mpambe. Nilikataa, tukawarudisha.

Wiki tatu za mpwa wangu zimekuwa miezi minne na haulizi. Joho limerudi, ila upande wa kushoto limeota limejikunja, na akiogelea huonekana kama mtu aliyevaa kanzu ya kuazima. Babu hupita kila Ijumaa na tochi yake, eti anakwenda msikitini, ilhali msikiti uko upande mwingine.

Majani yamebaki mawili. Wewe unayepanda basi la Hola kutoka Malindi, okota manne matano chini ya mkungu wowote, makavu, yaliyoanguka yenyewe, umpe kondakta. Ndizi tunazo.