Pasi ya Godoro

Wazazi waliuza ng'ombe tukasome bweni, nasi tukarudi na elimu ya kulalia suruali. Mwalimu wangu hakuwa na cheti. Alikuwa mwenzangu wa kitanda cha juu. Unanyunyizia suruali maji kwa mdomo, unaikunja kwenye mstari wake, unaitandaza juu ya gazeti chini ya godoro, halafu unalala chali kama maiti anayesubiri sanda. Asubuhi mstari umesimama. Unyevu, joto la mwili na uzito ndiyo kazi yenyewe ya pasi, umeme tu haupo. Kwa tetroni ya sare zetu ilitosha kabisa. Kanuni ya Pythagoras ilishaniaga zamani. Hii ya godoro imegoma kuhama.

Mwalimu wangu sasa ni bosi mkubwa. Ana dereva, ana kitambi (nacho kimemwongezea uzito wa kupigia pasi), na ana pasi ya mvuke aliyozawadiwa harusini. Iko kwenye boksi lake mpaka leo. Shemeji akiuliza, anajibiwa kwamba pasi inamaliza LUKU. Hayo yanasemwa huku kiyoyozi kikinguruma usiku kucha, na shemeji mwenyewe amekatazwa kujigeuza hadi alfajiri.

Basi ukimwona mheshimiwa kwenye semina ya kubana matumizi, suruali ina mistari miwili kwenye mguu mmoja, usimcheke. Usiku alijisahau, akageuka.