Kivuli cha Kupaka

Wengi wa jirani zangu wa Ngamiani wamezaliwa na mwavuli ndani ya ngozi zao, nao hawaushukuru, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwadai bei yake. Mimi niliyezaliwa na ualbino sikugawiwa ile melanini ambayo kazi yake ni kuizuia miale ya jua isiunguze mwili, na kwa hiyo kile walichopewa wenzangu bure na Mola wao sina budi kukinunua kwa kipimo, tena katika mji wa Tanga, ulio nyuzi tano tu kusini ya Ikweta, ambako mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini hata mtu akikitafuta kivuli chake hukikuta kimejificha chini ya nyayo. Madaktari wa ngozi wametuonya tangu zamani kwamba jua hutuzalia vidonda, na vidonda huweza kuzaa saratani. Hilo nalisema mara moja kisha naliacha, maana jambo hili lina majonzi yake na lina vichekesho vyake, na wa kuyaandika majonzi hawajapungua.

Tajiri mmoja wa vipodozi, kijana mpole mwenye maneno matamu, nilimweleza haja yangu kwa urefu, kwamba nataka mafuta ya kujikinga na jua, ya ngozi isiyostahimili mwanga. Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, akatoka na kopo lenye sura ya mwanamke anayetabasamu, akaniapia kwamba nikijipaka asubuhi na jioni nitakuwa mweupe kabla mwezi mwingine haujaandama. Nikamtazama, naye akanitazama. Nikavua kofia yangu ili mwanga umsaidie, lakini maneno ya biashara alikwisha kuyahifadhi kwa moyo, na mtu aliyehifadhi kwa moyo hana haja ya macho.

"Nikizidi weupe huu, mwanangu," nikamwuliza, "si nitapenya mwanga?"

Akafikiri kidogo, akasema liko na kopo dogo, mzee wangu, la wanaoanza.

Mikorogo ya namna hiyo, ambayo ndani yake aghalabu mna hidrokwinoni au zebaki, serikali imeipiga marufuku, kwa sababu huivua ngozi ile ile kinga ninayoililia mimi. Basi ningalikubali ningalikuwa nimelipa fedha taslimu nipunguziwe nisichokuwa nacho.

Shangazi yangu, Mungu amrehemu, hakuamini kitu cha dukani. Alinisagia liwa juu ya jiwe, akanipaka uso mzima kama wafanyavyo bibi wa Ngazija, na kweli ilinipoza na kuninukisha. Ila nilipofika sokoni na uso wa manjano kila muuza samaki aliniuliza harusi ni lini, na mmoja alinipunguzia bei kwa kuwa bwana harusi ana gharama nyingi.

Ndipo nilipojikaza nikaingia katika duka la hoteli moja wanakoshukia watalii, nikaiona chupa yenye picha ya jua, na mnazi, na mafuta ya rangi ya dhahabu, bei yake ikikaribia bei ya mbuzi. Nikainunua kwa furaha. Mpwa wangu ndiye aliyenisomea yale maandishi madogo ya nyuma, maana ualbino hupunguza na nuru ya macho, na kwa mujibu wa maandishi hayo mafuta yale kinga yake ilikuwa namba 4, nayo yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi walipao nauli waje wababuliwe kwa hiari yao, wakirudi kwao wapate ithibati ya safari. Sikumwaga. Niliyatia katika bawaba za mlango, na mpaka leo mlango wangu haulii.

Nikitafakari, naona biashara hii tangu asili yake imeelekea kwa watu wa matembezi. Yasimuliwa kwamba Franz Greiter, mwanakemia wa Austria, aliunguzwa na jua alipokuwa akipanda mlima wa Piz Buin mwaka 1938, na mwaka 1946 akatoa marhamu yake yenye jina la barafu ya milimani. Tena ni yeye aliyechangia sana kuieneza namba ya kinga iandikwayo juu ya chupa. Simlaumu, kila mtu hutafuta dawa pale alipoungulia. Lakini chupa zikakatwa kwa kimo cha likizo, za kumtosha mtu wiki mbili za ufukweni kisha arudi mawinguni kwao, na mimi likizo yangu ya jua ilianza siku niliyozaliwa wala sijaandikiwa tarehe ya kurejea kazini. Namba yenyewe hupimwa kwa kupaka miligramu 2 juu ya kila sentimita moja ya mraba, kipimo ambacho kwa mwili mzima wa mtu mzima ni karibu mililita 30, na mtu akikaa nje hurudia kila baada ya saa mbili. Kwa hesabu hiyo chupa ya mililita 100 ikifunguliwa asubuhi haiioni alasiri. Kwa hiyo watu hujipaka robo ya kipimo, au nusu, kwa ubahili uliozaliwa na bei, halafu wakagombana na muuza duka kuhusu 30 na 50, ilhali 30 ikipakwa ipasavyo huzuia miale iunguzayo kiasi cha 97 katika 100, na 50 huzuia 98.

Mimi nikaona mfumaji na mshonaji wana faida kuliko mwanakemia. Kanzu nzito na kofia pana vilipunguza eneo la kupaka, pakabaki uso, shingo, masikio, mikono na migongo ya miguu. Hiyo miguu ndiyo iliyonitia fedheha. Nilikwenda Pangani nimevaa makubadhi, upepo wa bahari ukanidanganya, na niliporudi miguu yote ilikuwa myekundu isipokuwa pale zilipopita kanda za ngozi, ambapo palibaki peupe pee, kila ukanda mahali pake. Ijumaa yake nimetawadha, naingia msikitini pekupeku kama watu wote, mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho akanikemea kwa sauti iliyofika safu ya mbele: "Viatu, bwana! Viatu!" Nikamwinulia mguu aone. Akaridhika kwamba nakubali kosa, akauinamia, akaanza kuutafuta ukanda aufungue, nami nikapiga ukelele ambao haukuwa wa dhikri.

Mafuta mengine, yakichanganyika na jasho, hushuka machoni na kutoa machozi yasiyozuilika. Haya sikuyatupa upesi, kwa sababu siku moja nilimwendea mdeni wangu sugu na machozi yakibubujika, na kabla sijafungua kinywa alinilipa deni lote, akaniongezea nauli.

Yaliyonifaa hatimaye yatoka Moshi, ambako katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC hutengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun, yaliyokusudiwa watu wenye ualbino hasa, nasi hugawiwa bure. Aliyeyatunga, nahisi, alimfikiria mtu akaaye juani mwaka mzima. Ugawaji ndio wenye masharti yake. Zahanati moja ilitualika saa sita mchana, uwanjani, tupange mstari kwa utaratibu wa orodha, watu wazima na watoto, katika uwanja usio na mti ila mkungu mmoja ulio pembeni kabisa. Na karani, mtu mwaminifu kwa kazi yake, alishika kwamba asiyekuwemo mstarini hahesabiwi. Bibi mmoja mtu mzima akavua ndara zake, akaziacha mahali pake, akaenda zake mkunguni. Tukamfuata sote. Karani alipotoka alikuta mstari ulionyooka vizuri kuliko ule wa kwanza, wa viatu vitupu, akausoma kwa heshima kuanzia kubadhi la mbele, nasi tukaitikia kutoka kivulini. Mafuta tulipewa, tena ya kutosha. Nilijipaka pale pale uso, shingo, masikio na migongo ya miguu, nikarudi kuvaa makubadhi yangu yaliyokaa juani tangu adhuhuri, na hapo ndipo nilipoungua nyayo, mahali ambapo hakuna daktari aliyewahi kuniambia nipake kitu.