Karai la Sambusa na Tiketi Nane

Nyumbani kwetu Lewiston, jimbo la Maine, tuko vichwa vinane: mimi, mke wangu, mama yangu mzaliwa wa Darakasi, pwani ya Somalia, na watoto watano wanaoijua Darakasi kwa mdomo wa bibi yao tu. Mwaka 2025 Portland, mwendo wa kama dakika arobaini kwa gari, ikapata klabu mpya ya mpira wa kulipwa. Masaibu yetu yakaanzia hapo.

Mpira Lewiston si mchezo. Mwaka 2015 timu ya sekondari ya hapa ilitwaa ubingwa wa jimbo, wengi wa wachezaji wake wakiwa wana wa wakimbizi wa Somalia, na hadi leo kila kijana anayepiga danadana mtaani anajiona mrithi wao. Basi tiketi zilipotoka, mwanangu wa kwanza hakunipa usingizi.

Nikafungua simu. Tiketi moja haitishi. Mara nane ikawa habari nyingine, na nilipofika kwenye kulipa ikachomoza ada ya huduma, kwa kila tiketi, utadhani kuna mtu wa kutubeba mgongoni mmoja mmoja hadi kitini. Mke wangu akachungulia.

"Baba Fatuma, huo ni mchele wa miezi mitatu."

Bei ile ilipangiwa mtu na mkewe wanaotoka jioni kustarehe. Nyumba yenye bibi na watoto watano haikuwamo hesabuni. Mama, tasbihi mkononi, akauliza huo mpira unachezwa wapi. Nikamwambia uwanjani, kuna mlango na walinzi.

"Kisimayu mlicheza ufuoni, maji yakipwa," akasema. "Nani aliwatoza?"

Nikatoa shauri: tukaange sambusa, tuuze Ijumaa baada ya swala. Alhamisi jioni jiko likawa kiwanda. Mke wangu akakata manda, Fatuma akajaza nyama na vitunguu, wavulana wakabandika pembe kwa uji wa unga, mimi nikasimama kwenye karai. Kazi ilikwenda vizuri hadi nilipofanya kosa la kusema kweli: faida yote ingetosha tiketi tatu.

"Tatu za nani, Baba?"

Sikuwa na jibu. Mwanangu wa kwanza ni mshabiki wa Liverpool. Akawasimulia wadogo zake jinsi Februari 2016 maelfu ya mashabiki walivyotoka Anfield dakika ya 77, mechi na Sunderland ikiendelea, kwa kuwa tiketi ya juu ilipangiwa kufika pauni 77. Timu yao ilikuwa inaongoza mbili bila. Ikaishia sare ya mbili mbili, na siku chache baadaye wenye klabu wakaufuta mpango. Mimi nikafurahi kwamba mtoto anajua historia.

Wakanawa mikono, wakatoka nje wote watano, mdogo kabisa akiwa na soksi tu. Nikawafuata kuwabembeleza. Mke wangu akanifuata mimi kunigombeza. Mafuta yakabaki peke yake.

King'ora cha moshi kilipolia, jengo zima lilimwagika barabarani. Zimamoto walipopanda wakakuta jiko limezimwa na karai limefunikwa sinia la pilau. Mama alishamaliza kazi yao. Alikuwa ameketi dirishani na beseni la sambusa zilizoiva, hataki kuliacha. Askari mmoja akaonyesha kwa kidole, akauliza bei. Mama hajui Kiingereza, ila hilo alilielewa. Akatikisa kichwa, akamjaza mikono yote miwili, kisha akawaita wenzake.

Walikuwa sita. Walipoondoka, beseni lilikuwa na sambusa kumi na moja, tukazila wenyewe. Karai liliharibika kabisa. Jipya nililinunua kwa bei ya tiketi moja, bila ada ya huduma.