Kuanguka kwa Mpango: Maelekezo kwa Anayetoka Mitundu Kwenda Kusomea Uhandisi

Mdogo wangu, umechaguliwa. Mitundu nzima inajua, maana mama yako alimwambia mtu mmoja pale mashine ya kusaga na hakuhitaji kumwambia wa pili. Umepasua PCM, umerudi kutoka JKT umekonda na sauti imekauka, begi limeshafungwa. Kabla hujapanda gari la Itigi, kaa hapa nikunong'oneze jambo ambalo mimi niliambiwa nikiwa nimeshachelewa: huko utaanguka. Shahada ya uhandisi ni miaka minne, krediti 480. Zigawe kwa kozi za krediti 8 hadi 12, unapata kozi kama 40 mpaka 60. Hakuna anayeshinda mechi 50 mfululizo. Basi usingoje kuangushwa. Chagua mwenyewe pa kuangukia, uangukie palipo laini, uinuke kabla watu hawajageuka kukuangalia.

1. Jivune, ila kimyakimya

Najua unajiona. Ulikuwa wa kwanza darasani, walimu walikutuma ubaoni kuwafundisha wenzako. Una haki ya kujiona. Lakini siku ya kwanza utaingia kwenye ukumbi ambamo kila aliyekaa alikuwa wa kwanza kwao, na nusu yao wameshaona mashine ambazo wewe umezisoma kitabuni tu. Wengi wetu tunaotoka shule ndogo tunapotea hapo hapo. Tunaona haya kuuliza, tunatikisa kichwa kama tumeelewa, na siku matokeo yakitoka ndiyo tunajua hatukuelewa.

Fanya hivi: sifa yako ile ibaki Mitundu, ikungoje. Chuoni ingia kama mgeni aliyefika usiku, anayeuliza choo kiko wapi bila aibu. Anayeuliza wiki ya pili anaonekana mdadisi. Anayeuliza swali lile lile wiki ya 14 kila mtu anajua yuko hatarini.

2. Hesabu saa zilizofichwa

Ratiba iliyobandikwa ukutani inakuonyesha vipindi tu. Krediti moja kwa utaratibu wa vyuo vyetu ni saa 10 za kazi: darasani, maabara, na zile za kujisomea ambazo hakuna aliyekuandikia popote. Semista ya krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo, unapata saa 40 kila wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa ofisini. Tofauti ni kwamba mwenzako wa ofisini ana bosi wa kumfokea, na wewe bosi wako ni wewe.

Chukua daftari la hesabu, lile la miraba. Chora mistari 15 kwa wiki 15. Kila mhadhiri akitaja tarehe ya testi, iandike kwa kalamu nyekundu siku hiyo hiyo, kabla hujatoka ukumbini. Maabara na ripoti zake andika kwa penseli. Ukifika wiki ya tatu, utazame ukurasa huo kwa mbali kama unavyotazama mawingu ya Novemba. Wangu ulikuwa mweupe mpaka wiki ya sita, na wiki ya saba ilikuwa nyekundu tupu: testi nne ndani ya siku tano. Hakuna aliyenionea. Kila mhadhiri alichagua katikati ya semista, na katikati ni moja tu. Ukishaiona wiki hiyo mapema, kiongozi wa darasa anaweza kwenda kuomba testi moja isogezwe. Ukiiona wiki ya saba yenyewe, hakuna wa kumwomba.

Halafu weka sifuri kwenye wiki ya bumu. Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, linaingia kwa mafungu, shilingi 10,000 kwa siku zikiwa zimelimbikizwa, na siku zinapoingia hosteli nzima inanukia chipsi kuku. Hutasoma. Hakuna anayesoma. Usijidanganye kwa kupanga kipindi cha usiku wiki hiyo. Kipange wiki inayotangulia.

3. Chagua kozi ya kuangukia

Hapa ndipo penye siri yenyewe, kwa hiyo sogea karibu.

Kozi hazilingani. Ziko zilizo na watoto na ziko zilizo tasa. Mekanika ya mwaka wa kwanza inazaa uimara wa vifaa. Uimara wa vifaa unazaa nadharia ya miundo. Nadharia ya miundo inazaa usanifu wa zege na usanifu wa chuma. Ukianguka kwenye mekanika hujaanguka mara moja, umejiwekea miadi ya kuanguka miaka mitatu. Hisabati ndiyo bibi wa ukoo mzima. Hizo usiziguse. Hizo ndizo unazolipia usingizi.

Lakini kila semista kuna kozi moja isiyozaa kitu, yenye krediti 8, ambayo ukipata C hakuna somo la mbele litakalokudai. Hiyo ndiyo godoro lako. Ipe saa chache, ichukulie C yako kwa heshima, usione wivu mwenzako akipata A pale.

Tuipigie hesabu. A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Semista yako ina krediti 60. Ukipandisha kozi ya krediti 12 kutoka C hadi B, umeongeza pointi 12 kwenye mfuko. Gawa kwa 60, GPA ya semista imepanda kwa 0.2. Ukihangaika na ile ya krediti 8 uitoe B uifikishe B+, umeongeza pointi 8, ambazo ni 0.13. Jasho ni lile lile. Wapo wanaokesha juu ya kozi nyepesi kwa sababu inawapa raha ya kuelewa, huku ile nzito inawangoja mlangoni na rungu. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Wazee wetu wanaotundika mizinga porini wanalijua hili bila kikokotoo. Mrinaji hapandi miti yote usiku mmoja. Anajua mzinga upi una asali na upi umeingiliwa na siafu, na chini ya ule wa siafu hasimami kwa muda mrefu.

4. Nunua alama zinapouzwa rahisi

Vyuo vingi vinagawa alama hivi: 40 za kozi, yaani testi, majaribio na ripoti, na 60 za mtihani wa mwisho. Kwenye chuo ambacho C inaanzia 40, B inaanzia 50 na A inaanzia 70, tuseme umeingia ukumbini na 28 mkononi. Unahitaji 12 tu kati ya 60 ili usianguke. Ukitaka B unahitaji 22. Hata A ni 42, si muujiza. Sasa mtazame jirani yako aliyeingia na 14: anahitaji 26 ili apone tu, na mkono unamtetemeka kabla karatasi haijageuzwa.

Testi ya kwanza ndiyo yenye alama za bei poa kuliko zote: mada ni mbili tatu, mhadhiri bado ana huruma, na wenzako bado wanatafuta vyumba. Hapo ndipo pa kupiga msuli. Soma pia kanuni za chuo chako, kile kijitabu ambacho kila mtu anakitumia kufunikia sufuria. Viko vyuo vinavyodai kiwango fulani kwenye kozi kabla hujaruhusiwa mtihani wa mwisho, na vingine vinadai kiwango ndani ya mtihani wenyewe. Ujue mapema unacheza kwa sheria zipi.

5. Desa kihalali

Sikufundishi kuingia na nondo ya kuibia kwenye chumba cha mtihani. Nondo mahali pake ni kwenye zege. Ukikamatwa nayo hakuna cha kuanguka kwa mpango, unarudi Mitundu na begi lile lile.

Njia ya mkato iliyo halali ni kimbweta, yale mabenchi ya zege ya nje ya kujisomea. Tafuta watu watatu, muwe wanne. Kila mmoja achukue kozi moja aiendee hadi mwisho: asikose kipindi, aandike kila kitu, akamwone mhadhiri ofisini. Jioni mnakutana kimbwetani anawafundisha wengine watatu. Umesoma kozi nne kwa nguvu ya moja, na hiyo moja hutaisahau, maana kitu ulichomfundisha mtu mbishi saa tatu usiku chini ya taa yenye wadudu hakikutoki. Kusanya pepa za miaka mitano iliyopita, zikokotoeni pamoja, mkibishana. Madesa ya fotokopi yananunuliwa na kila mtu. Atakayefaidi ni yule aliyekaa na kalamu juu yake.

Na ukikacha, kacha kwa adabu. Kipindi cha mhadhiri anayesoma alichokwisha kuwagawia kinaweza kukosekana. Maabara haikosekani hata siku moja, kwa sababu vifaa vikishafungiwa kabatini hakuna wa kukufungulia peke yako.

6. Fildi usiichague kwa picha

Mwisho wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu utapelekwa mafunzo kwa vitendo, wiki 8 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na muda unaokaribia huo kwingineko. Darasa zima litataka kampuni kubwa Dar es Salaam, helmeti nyeupe na picha ya kuweka kwenye simu. Nakuelewa. Picha moja piga, uwatumie nyumbani, wafurahi.

Lakini ukiwa na sapu, yaani mtihani wa marudio wa kozi uliyoanguka, fikiri mara mbili. Sapu kwa kawaida zinafanyika mwisho wa mwaka wa masomo, fildi ikiwa inaishia au imeisha. Mtu anayetoka Kimara saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku hasomi sapu yoyote. Omba nafasi karibu na kwenu. RUWASA wanachimba visima na kufunga pampu vijijini. TARURA wana makalvati ya kukagua kila mvua ikipita. Reli ya kisasa, kipande cha Makutupora hadi Tabora chenye kilometa 368, inapita Itigi. Kwenye ofisi ndogo mwanafunzi anashika spana. Mimi pampu ya kwanza niliyoifungua mwenyewe ilikuwa ya kisima cha kijiji, fundi akiwa amekaa kwenye ndoo ananiangalia. Sili ilikuwa imelika upande mmoja kama ndala iliyotembelewa mwaka mzima, na akina mama waliokuja na madumu walikuwa wanangoja nimalize. Mekanika ya maji yote niliyoikariri ikakaa mahali pake mchana ule.

Daftari la fildi andika kila siku, siyo usiku wa kuamkia kukabidhi. Utazoea. Baadaye, ukitaka kusajiliwa na ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kuwa mhandisi mtaalamu, mpango wao wa SEAP ni miaka 3 ya kazi chini ya msimamizi, na huko nako utaulizwa umefanya nini kwa mikono yako.

7. Ukianguka, taja tarehe

Utakapoona jina lako kwenye orodha ya sapu, tumbo litashuka. Liache lishuke, halafu hesabu. Sapu kwa kawaida inakupa C, siyo zaidi. Kama ni ile kozi ya godoro, basi C ni ile ile uliyoipanga, ila imekugharimu likizo. Kama ni hisabati au mekanika, acha mengine yote, kaa nayo mpaka uielewe, kwa sababu watoto wake wanakuja. Ukianguka hata kwenye sapu, kwa kawaida ni kukeri, yaani kuibeba kozi hiyo mwaka unaofuata, na GPA ikishuka mno ni disko, yaani kuondolewa chuoni. Kwa hiyo usizikalie kimya.

Na piga simu nyumbani. Hili nakuomba kwa moyo wote. Mwaka wangu wa kwanza nilikula sapu mbili na nikaona haya. Niliwaambia nimepata fildi ya ziada mjini. Mama akauza kuku wanne anitumie nauli ya kwenda kwenye hiyo fildi isiyokuwepo. Pesa iliingia nikiwa kimbwetani peke yangu, na jioni ile sikuweza kusoma hata ukurasa mmoja.

Mwaka uliofuata nikaanguka tena, mara hii kozi moja, ile niliyoichagua. Nikapiga simu usiku ule ule nikasema: mama, nimeshika sapu. Kukawa kimya kidogo, nikasikia anamwambia mtu apunguze redio. Kisha akauliza sapu hiyo ni tarehe ngapi, kwa sababu kipaimara cha mdogo wangu wa damu kilikuwa wiki hiyo hiyo na alitaka kujua mapema kama anihesabu kwenye pilau.