Printa ya Msimu

Mwezi wa Mei Diani hulala: masika yamepamba moto, wageni hakuna, hoteli kadhaa zimefunga. Printa ya wino katika ofisi ya nyumba za wageni imelala pia, ila yenyewe hata usingizini hunywa. Kila ikiwashwa hupitisha wino kwenye matundu yake, membamba kuliko unywele, ili yasizibe. Karatasi haioni kitu. Wino wote huishia kwenye sponji iliyofichwa tumboni, nayo ikijaa mashine hugoma, akaitwa fundi kutoka Ukunda aje kuzika wino ambao haujaandika hata herufi moja.

Meneja, bingwa wa kubana matumizi, huizima ukutani kila jioni. Hongera, bosi! Ikikatiwa umeme ghafla, kichwa huweza kubaki nje ya kifuniko chake na kukauka. Asubuhi printa yajiogesha upya, kwa wino uleule unaouzwa ghali kama marashi.

Kuchapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki kungetosha. Au printa ya leza, ambayo unga wake haukauki. Au saiba ya Ukunda, lakini huko mheshimiwa atapanga foleni na watoto wa shule.