Matembezi ya Hisani: Fulana Kwanza

Anzeni na fulana. Wanafunzi mia mbili wasio na fulana zinazofanana si matembezi ya hisani. Ni watu waliokosa daladala. Kwa shilingi 10,000 kila moja ni milioni mbili tu, na mtazichota humo humo kwenye michango. Kifuani pakae nembo ya mdhamini. Lengo lenu, tuseme kununua taulo za kike kwa wasichana wa shule za vijijini, liandikwe mgongoni kwa herufi ndogo.

Lengo lenyewe halina kasoro. Serikali ilifuta VAT kwenye taulo hizo mwaka 2018, bei madukani ikagoma kushuka, na 2019 kodi ikarudi. Shida ipo, basi. Ninyi shughulikieni fulana.

Polisi wapewe taarifa saa 48 kabla, ndivyo sheria inavyotaka. Mkisahau, mtazunguka uwanja wa shule mpaka kizunguzungu.

Sasa fomu ya wafadhili, na hapa ndipo penye kutembea kwenyewe. Mjomba usimwombe jumla, mwombe kwa kilomita. Atasikia “jero kwa kilomita” na kusaini huku akitabasamu, hadi Jumapili utakapomletea hesabu ya kilomita kumi. Baba mdogo ataagiza, kwa sauti ya kusikika na wageni sebuleni, “Niandike elfu hamsini!” Andika, lakini usizipigie hesabu. Fedha za aina hiyo husomwa kwenye risala tu, hazijawahi kuonekana benki. Jirani atakutumia elfu mbili kwa simu bila ya kutolea. Wote hao, kumbuka, wanadaiwa pia na kamati ya harusi, kipaimara na kundi la WhatsApp la ukoo, kwa hiyo wahi kabla ya tarehe 5, mshahara ukiwa bado unapumua.

Wa kuogopwa ni shangazi. Atauliza: “Mwanangu, kwa nini nisikupe tu hiyo hela ukanunue hizo taulo, ukaacha kuungua jua?” Usijibu. Muulize mgongo wake unaendeleaje.

Njia ipite Daraja la Tanzanite. Tangu lifunguliwe mwaka 2022 hakuna mahali Dar es Salaam panapotoa picha nzuri kama pale, na kivuli hakuna, kwa hiyo mateso yataonekana. Kuanza ni saa 12 asubuhi, maana yake saa 3, mgeni rasmi akifika. Atatembea hatua za kutosha kamera, kisha gari lake litamfuata. Mwishoni akabidhi hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango. Kuichapa nako kuna gharama.

Kisha toeni fulana, maji, matarumbeta, maturubai, hundi ya mlango na supu ya mgeni rasmi. Kilichobaki ndicho hisani.

Na wewe mwalimu mlezi uliyekwisha kupiga simu kiwandani: wanafunzi wako wana sare. Watembee nazo.