Mafiga ya Kanga

Katika milki ya Mfalme Simba kila mnyama alipika kwa kuni (wanyama wa hekaya hupika, msomaji, usianze ubishi mapema). Miti ikaisha hadi Simba mwenyewe akakosa kichaka cha kuvizia swala. Hapo ndipo alipoanza kuipenda misitu. Ikapigwa mbiu: gesi imesamehewa ushuru, kila mtu ahame kuni!

Kanga akauza mayai, akanunua mtungi mdogo. Macho yake yakapona moshi wa kuni. Tembo naye akabeba mitungi sita mikubwa, maana msamaha haukuuliza nani ana njaa na nani ana tumbo. Minofu ya nafuu ile ikaishia kwake. Sungura akakopa, akafungua kituo cha kuuzia gesi bondeni.

Kisha Nyani mhazini akafungua sanduku la hazina, akakuta mende. Ushuru ukarudi, tena mzima mzima. Fisi, mwenye ghala, akapandisha bei jioni ile ile, hata ya mitungi aliyoinunua enzi za msamaha. Makelele yakazidi, ushuru ukapunguzwa nusu, halafu ukafutwa. Safari hii Fisi akasema shehena ya zamani haijaisha, wateja wavumilie. Bei yake hupanda kama ngedere, hushuka kama kinyonga. Sungura alikwisha kufunga kituo, deni halikufungwa.

Msomaji wa Kenya asidhani anasemwa. Kwao gesi ya kupikia iliondolewa VAT mwaka 2016, Julai 2021 ikatozwa asilimia 16, mwaka uliofuata ikawa 8, na 2023 ikaondolewa tena. Hawa wangu ni wanyama tu.

Siku moja Simba akapanda kilimani, akaona moshi umetanda. Akamwita Kanga.

"Ushuru si nimekufutia? Kuni za nini?"

"Uishi miaka, Mfalme. Mtungi ninao, uko uvunguni. Ulipofuta nilinunua, uliporudisha nikarudi kwenye mafiga. Sasa umefuta tena, nami nangojea kujua utarudisha lini."

"Kumbe huniamini!"

"Nakuamini sana, Mfalme. Ni mafiga tu sijayang'oa."

Simba akaunda tume ya kuchunguza chanzo cha moshi. Uenyekiti akapewa Fisi, kwa uzoefu wake wa gesi. Posho za vikao zikasamehewa ushuru, na msamaha huo haukuguswa hata mara moja.